KIFURUSHI NA STAKABADHI YAKE
Namna ya kusoma taarifa za redio katika vituo vidogo vya hali ya hewa kando ya Ziwa Victoria



Kamati ya usharika mmoja wa kando ya Ziwa iliwahi kuniletea muhtasari wa kikao wenye azimio la kununua antena mpya na mlingoti mrefu zaidi kwa ajili ya kituo kidogo cha hali ya hewa kilichofungwa katika uwanja wa shule ya sekondari. Sababu iliyoandikwa ilikuwa fupi: "Kituo hakileti taarifa za usiku. Redio ni dhaifu." Azimio lilikuwa limepitishwa na wajumbe wote. Kilichobaki ni mimi, mratibu, kuliingiza katika ombi la fedha.

Nilisita kidogo, nikaomba nichapishiwe taarifa za wiki mbili kama zilivyopokelewa, pamoja na zile namba za pembeni ambazo watu wengi huziruka. Mama mtunza hazina akaniuliza, "Ndugu Mratibu, sisi tunataka kujua mvua na upepo. Hizi RSSI na LQI zinatuhusu nini?" Swali lake lilikuwa zuri, na tangu siku hiyo nimelisikia katika vikao vingine pia. Makala hii ni jibu langu kwake na kwenu nyote.

Kwa nini taarifa za usiku ni muhimu

Wanaoishi kando ya Ziwa hawahitaji kuelezwa, lakini baadhi ya wahisani wetu wako mbali. Mchana, nchi kavu hupata joto haraka kuliko maji, hivyo upepo huvuma kutoka ziwani kwenda nchi kavu na mawingu ya mvua hujengeka juu ya nchi. Usiku mambo hugeuka. Upepo hutoka nchi kavu kwenda ziwani, hewa ya pande zote hukutana juu ya maji, na dhoruba za ngurumo huzaliwa huko, hasa kati ya usiku wa manane na asubuhi. Saa hizo ndizo wavuvi wa dagaa wako majini na taa zao, maana dagaa huvuliwa usiku wa giza. Alfajiri kina mama huanza kuanika, na mvua ya ghafla huweza kuharibu kazi ya usiku mzima.

Kwa sababu hiyo serikali na mashirika mbalimbali yameweka nguvu nyingi katika utabiri wa Ziwa. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, TMA, ina rada jijini Mwanza. Kuanzia mwaka 2017 Shirika la Hali ya Hewa Duniani liliendesha mradi wa HIGHWAY kwa kushirikiana na Kenya, Rwanda, Tanzania na Uganda ili kuboresha tahadhari kwa watumiaji wa Ziwa. Rada na kompyuta za utabiri huhitaji vipimo vya ardhini vya kuzihakiki, na kituo kinachonyamaza usiku hunyamaza katika saa zile zile kinapohitajika zaidi.

Vituo hivi hufanyaje kazi

Kituo cha kisasa kutoka nje ya nchi ni ghali, na kikiharibika vipuri vyake huchelewa. Ndiyo maana mwaka 2013 Chuo Kikuu cha Makerere cha Uganda, Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam (DIT), Chuo Kikuu cha Juba cha Sudan Kusini na Chuo Kikuu cha Bergen cha Norway walianzisha mradi wa WIMEA-ICT kwa ufadhili wa serikali ya Norway. Moja ya kazi zake ilikuwa kubuni kituo cha hali ya hewa cha gharama nafuu kinachoweza kutengenezwa na kutunzwa hapa hapa Afrika Mashariki. Kazi hiyo iliwashirikisha wataalamu kama Julianne Sansa Otim na Mary Nsabagwa wa Makerere na Emmanuel Kondela wa DIT.

Kituo cha aina hiyo hakina waya mrefu unaounganisha vipimo vyote. Kimegawanywa katika vifaa vidogo, kila kimoja na redio yake. Kifaa kimoja hukaa mita 2 kutoka ardhini kikipima joto na unyevu wa hewa. Cha pili hukaa juu ya mlingoti wa mita 10 kikipima upepo na mwanga wa jua. Cha tatu hukaa chini kikipima mvua na hali ya udongo. Vyote hutuma vipimo vyao kwa redio hadi kifaa cha nne, ambacho ni kipokezi, nacho huvipeleka kwenye mtandao kwa njia ya simu. Mpango huu ndio wataalamu wanaouita mtandao wa vihisi usiotumia waya.

Redio hizi ni dhaifu kwa makusudi. Nguvu yake ni milwati moja au chache tu, ili betri ndogo inayochajiwa na jua itoshe. Hutumia masafa ya gigahezi 2.4, yale yale ya Wi-Fi, na kila ujumbe ni mdogo sana, usiozidi baiti 127. Ujumbe huo huitwa pakiti.

Nani aliandika nini kwenye stakabadhi

Ndugu aliyeko Mwanza akituma kifurushi kwa basi kwenda Musoma, kifurushi huambatana na stakabadhi. Sehemu ya stakabadhi huandikwa na mtumaji: jina lake, namba ya mzigo, kilichomo. Sehemu nyingine huandikwa na karani wa upande wa kupokea: saa kilipofika, kimefika kimelowa au kikavu, kamba imelegea au imekaza. Pakiti ya redio nayo ni hivyo. Kipimo cha mvua ni kifurushi chenyewe, na zile namba za pembeni ndizo stakabadhi. Wataalamu huziita metadata, yaani taarifa kuhusu taarifa.

Huu ni mfano wa mstari mmoja, nimeufupisha:

TXT=ardhi MVUA=2 V_IN=3.9 SEQ=118 TTL=15 RSSI=6 LQI=255

Mtumaji ndiye aliyeandika jina la kifaa, mvua (kindoo cha kipimo kimepinduka mara 2), umeme wa betri yake (V_IN, volti 3.9), na SEQ, ambayo ni namba ya mfululizo wa pakiti. TTL pia huanzishwa na mtumaji, na hupungua kwa 1 kila pakiti inapopokelewa na kifaa cha kati na kurushwa tena mbele. RSSI na LQI hazikutoka kwa mtumaji hata kidogo. Zimeandikwa na mpokeaji baada ya pakiti kumfikia.

Tofauti hii ni ya kwanza kuikumbuka, kwa sababu inatuzuia kumlaumu asiyehusika. Tuseme programu yetu huanza na TTL ya 15. Tukiona 14, pakiti imepitia mkono wa tatu, na RSSI inayosomeka ni ya hatua ya mwisho peke yake, kati ya huyo wa tatu na kipokezi. Haisemi lolote juu ya hatua ya kwanza. Kifurushi kilicholowa Bunda na kukaushwa kabla ya Musoma kitaandikwa "kikavu".

Kiendeshi ndiye karani

Kati ya chipu ya redio na programu inayotuandikia mstari ule kuna programu ndogo iitwayo kiendeshi cha redio. Huyu ndiye karani wa dirisha la kupokelea. Chipu humpa namba mbichi, naye huamua aziandike kama zilivyo au azibadili kwanza ziwe vipimo vinavyoeleweka. Makosa mengi niliyowahi kuyaona katika ripoti za miradi huanzia dirishani hapa.

Nitoe mfano wa chipu mbili zinazofahamika sana. Ya kwanza ni CC2420, iliyobuniwa na kampuni ya Chipcon ya Norway, ambayo mwaka 2006 ilinunuliwa na Texas Instruments ya Marekani. Chipu hii ilitumika sana katika vifaa vya utafiti vya miaka ya 2000. Kila pakiti inapofika, chipu huweka mwishoni baiti mbili za stakabadhi. Baiti ya kwanza ni RSSI. Katika baiti ya pili, biti ya juu kabisa husema kama pakiti imefika bila kuharibika, na biti saba zilizobaki ni kipimo cha ubora.

RSSI ya chipu hiyo ni namba yenye alama ya kujumlisha au kutoa, na lazima uitoe 45 ndipo upate nguvu halisi. Ikisoma -20, nguvu halisi ni takriban dBm -65. Mwandika programu akisahau kwamba baiti hiyo ina alama ya kutoa, -20 hugeuka kuwa 236. Ripoti itasema redio ina nguvu ya ajabu, na hakuna atakayegundua mpaka mtu auulize maana yake. Vivyo hivyo, asipoitenga ile biti ya juu katika baiti ya pili, ubora wa 105 utasomeka 233.

Ya pili ni familia ya chipu za Atmel zenye redio ndani yake, kama ATmega128RFA1. Hapa RSSI huanzia 0 hadi 28, na kila hatua moja ni desibeli 3. Ukisoma 6, unafanya hesabu hii: -90 jumlisha 3 mara 5, unapata dBm -75. Kwa hiyo "6" ya chipu hii na "-20" ya ile nyingine zote ni vipimo vya nguvu ya redio, lakini kuziweka kwenye jedwali moja bila kuzibadili ni sawa na kujumlisha debe na kilo.

Nguvu si ubora

Herufi dBm zisiwatishe. Sifuri ni milwati moja. Kila unapopungua kwa 10, nguvu hubaki sehemu moja ya kumi. Ukipungua kwa 3, hubaki takriban nusu. Katika dBm -90 kinachofika ni milwati moja iliyogawanywa mara bilioni moja, na redio hizi bado husikia. Chipu ya Atmel niliyoitaja husikia mpaka karibu dBm -100. Ndiyo maana RSSI=0 katika chipu hiyo haina maana ya "hakuna kilichopokelewa". Maana yake ni kwamba pakiti imefika ikiwa na nguvu iliyo chini ya dBm -90. Nimewahi kuona ripoti iliyofuta mistari yote yenye RSSI=0 kwa kudhani ni hitilafu. Mvua iliyofutwa pamoja nayo ilikuwa mvua ya kweli.

Aidha, vipimo hivi havina usahihi wa mizani ya duka la dawa. Watengenezaji wenyewe wanasema huweza kukosea kwa desibeli 5 au 6 juu au chini. Basi vifaa viwili vikitofautiana kwa hatua moja, kimoja 6 na kingine 7, msiseme kimoja ni bora. Kinachofaa kuangaliwa ni kifaa kile kile kwa muda mrefu: kama kilikuwa 9 mwezi Januari na sasa ni 4, hapo kuna habari.

LQI nayo husema jambo tofauti. RSSI hupima ukubwa wa sauti, LQI hupima kama maneno yamesikika vizuri. Katika mkutano wa injili mwenye kipaza sauti kikubwa huweza kusikika hadi mtaa wa pili, lakini kama jirani kuna spika ya baa, sauti ni kubwa na maneno hayashikiki. RSSI huhesabu nguvu yote iliyoko hewani katika masafa yale, pamoja na ya Wi-Fi ya ofisi ya shule. Kwa hiyo mkiona RSSI imepanda huku LQI imeshuka, shukuni mwingiliano kabla ya kushuku antena. Dawa yake mara nyingi haina gharama: kubadili chaneli. Redio hizi zina chaneli 11 hadi 26 katika masafa haya, na chaneli ya 26 iko nje ya sehemu ambayo Wi-Fi hutumia kwa kawaida.

Hata LQI haina kipimo kimoja kwa wote. Katika CC2420, takriban 110 ndiyo bora kabisa na takriban 50 ndiyo ya chini kabisa. Katika Atmel, bora ni 255. Hivyo LQI ya 105 ni nzuri sana kwa chipu moja na ni mbaya kwa nyingine. Mtu akiwaletea ripoti yenye LQI bila kutaja chipu, mrudishieni kwa upole.

Jambo jingine ambalo wengi hukosea: mvua. Katika masafa ya gigahezi 2.4, mvua yenyewe inayonyesha kati ya vifaa vilivyo umbali wa makumi ya mita haipunguzi nguvu kwa kiasi cha kuonekana. Kinachopunguza ni majani mabichi yaliyolowa, maji yaliyoingia ndani ya kasha, kutu kwenye kiungio cha antena, au mahindi yaliyokua na kuziba njia. Mkiambiwa "redio inakatika kwa sababu ya mvua", chunguzeni mpira wa kuzibia kasha kwanza.

Wasiofika hawaandikwi

Sasa nakuja kwenye jambo ambalo naona ni zito kuliko yote. RSSI na LQI huandikwa kwa pakiti zilizofika tu. Iliyopotea njiani haina stakabadhi. Iliyofika ikiwa imeharibika pia haionekani, kwa sababu viendeshi vingi huitupa kimya kimya mara kipimo cha uhakiki kinapokataa.

Ni kama mwinjilisti anayetaka kujua hali ya washarika kwa kuwauliza waliohudhuria ibada Jumapili. Wote watamwambia wazima. Walio wagonjwa wako nyumbani. Wastani mzuri wa RSSI, basi, si ushahidi kwamba mtandao ni mzima. Unaonyesha tu kwamba pakiti zilizofika zilifika vizuri.

Anayetusaidia kuwahesabu wasiofika ni SEQ. Kila pakiti mpya huongeza namba hiyo kwa 1. Tukiona 40 ikifuatwa na 41, hakuna kilichopotea. Tukiona 40 ikifuatwa na 44, pakiti tatu hazikufika. Angalizo moja: katika vifaa vingi namba hii ni ya baiti moja, hivyo ikifika 255 hurudi 0. Kwa kifaa kinachotuma kila dakika 5, mzunguko mmoja huchukua saa 21 na dakika 20. Kwa hiyo SEQ isomwe daima pamoja na saa ya kupokelewa. Kifaa kilichonyamaza kwa mzunguko mzima kamili kitaonekana kana kwamba hakikukosa hata moja. Na kifaa kilichozimika kabisa kikawaka tena, kwa kawaida huanza kuhesabu upya.

Turudi kwenye lile azimio

Tulikaa mezani na karatasi zetu, katibu wa kamati, mwalimu wa fizikia wa shule ile na mimi. Kituo kilituma kila dakika 5. Usiku mmoja tuliouchagua, pakiti ya mwisho ya kifaa cha ardhini ilipokelewa saa 4:55 usiku ikiwa na SEQ=40. Iliyofuata ilipokelewa saa 12:00 asubuhi ikiwa na SEQ=125. Mwalimu akapiga hesabu: saa 7 na dakika 5 ni hatua 85 za dakika 5, na 40 jumlisha 85 ni 125. Hesabu ilikubali bila kubaki.

Maana yake ni kwamba kifaa cha ardhini hakikulala. Kilituma usiku kucha, pakiti 84, na hakuna hata moja iliyopokelewa. Tulipoangalia kifaa cha mita 2 na kile cha mita 10, navyo vilikuwa na pengo lile lile, dakika zile zile. Vifaa vitatu vyenye antena tatu haviwezi kuharibika pamoja saa 4:55 usiku na kupona pamoja saa 12 asubuhi. Aidha, RSSI ya pakiti za mwisho kabla ya kimya ilikuwa sawa na ya mchana, na LQI ilikuwa 255. Nguvu haikuwa ikififia.

Kilichobaki ni kile ambacho vyote vitatu vinakitegemea, yaani kipokezi. Tulipokwenda kukitazama, bamba lake la jua lilikuwa limefunikwa na kivuli cha tawi la mwembe lililokua tangu kituo kifungwe, na juu yake ndege walikuwa wameacha uchafu wa kutosha. Betri ilikuwa imechoka. Iliweza kuendesha redio na simu yake mpaka usiku unapoanza kukolea, kisha ikazima mpaka jua lichomoze. Tawi lilikatwa, bamba likaoshwa, betri ikabadilishwa, na kituo kikaanza kuongea usiku. Antena na mlingoti havikununuliwa.

Sikuandika haya kuidharau kamati ile. Walikuwa na uchungu na kituo chao, na "redio dhaifu" ni dhana ambayo yeyote angeifikia kwanza. Lakini tungeleta antena mpya, tungetumia fedha za wahisani, tungepiga picha ya mlingoti mrefu kwa ajili ya ripoti, na usiku uliofuata kituo kingezima saa ile ile. Zile pakiti 84 za kila usiku hazitarudi, kwa kuwa vifaa vile havikuwa na akiba ya kumbukumbu. Kama dhoruba ilipita juu ya ufuo ule katika wiki hizo, sisi hatukuiona.

Mambo ya kuuliza kabla ya kuidhinisha fedha

Kwa kamati za sharika zinazotunza vituo, na kwa wahisani wanaosoma ripoti zake, napendekeza maswali haya:

1. Ni pakiti ngapi zilitegemewa na ngapi zilifika? Kifaa kinachotuma kila dakika 5 hutegemewa kutuma 288 kwa siku. Katika mfano wetu zilifika 204, yaani asilimia 71.

2. Zilizokosekana zilikosekana saa ngapi? Hili ni la lazima. Asilimia 71 katika jedwali la mwezi yaweza kuonekana si mbaya kwa mradi wa kijijini. Lakini zile 29 zote zilikuwa za usiku, na kwa mvuvi aliyeko majini usiku, kituo kile kilikuwa hakipo.

3. Je, kifaa kimoja ndicho kimenyamaza au vyote kwa pamoja? Kimoja: kagueni kifaa hicho, betri yake, antena yake na kilicho mbele yake. Vyote: anzeni na kipokezi.

4. SEQ iliendelea au ilianza upya? Ikiendelea, mtumaji alikuwa hai. Ikianza upya, alizimika.

5. RSSI na LQI zilizoandikwa ni za chipu gani, na kiendeshi kimezitoa zikiwa mbichi au zimesahihishwa? Fundi asiyeweza kujibu swali hili asipewe kazi ya kupendekeza vifaa vya kununua.

6. V_IN imekuwaje katika siku 30 zilizopita? Betri haifi siku moja. Hushuka polepole alfajiri hadi alfajiri, na anayeangalia kila wiki huona mapema.

Naomba pia kila kituo kiwe na daftari. Siku mnapofyeka nyasi, kupogoa mti, kuhamisha Wi-Fi ya ofisi au kubadilisha betri, andikeni tarehe. Namba za redio zinasema kwamba kitu kimebadilika. Daftari la mlinzi wa shule ndilo husema ni kitu gani.

Hitimisho

Kituo chetu hakitoi tahadhari, na kamati isijaribiwe kuwatangazia wavuvi utabiri wake yenyewe. Hiyo ni kazi ya TMA. Kazi yetu ni kuhakikisha kwamba kipimo kinachotoka katika uwanja wa shule zetu ni cha kweli, kimefika, na kimefika usiku kama kinavyofika mchana. Huo nao ni uwakili: kutunza fedha tulizokabidhiwa, na kutunza namba ambazo maisha ya watu huenda yakazitegemea.

Mama mtunza hazina aliyeuliza swali la kwanza sasa ndiye anayeangalia karatasi ya kila Jumatatu. Mwezi uliopita alinipigia simu kuniambia kwamba RSSI ya kifaa cha ardhini imeshuka kutoka 8 hadi 5 ndani ya wiki tatu, V_IN haijabadilika, na mahindi ya shule yamefika kifuani. Nilimwambia asubiri mavuno. Akanijibu kwamba ameshazungumza na mwalimu mkuu, na mistari miwili iliyoko mbele ya antena itavunwa ikiwa mibichi kwa ajili ya chakula cha wanafunzi.